Walitaka Niwachoree Vita

Kila ninaponusa spirit, hata iwe hospitalini, kichwa changu huhisi baridi kana kwamba kimenyolewa sasa hivi. Ni harufu ya kibanda cha Baba Nestori, kinyozi Mrundi aliyekuwa jirani yetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako sisi wasichana wa shule tulinyolewa vipara kila muhula ulipofunguliwa. Mashine yake ilitumia betri ya gari; ilinguruma, ikapata moto, ikakwama, naye akaipangusa kwa pamba yenye spirit huku akituomba subira. Kuta zake za udongo zilimwaga vumbi, kwa hiyo alizifunika kwa kurasa za kalenda kuukuu aliyokuja nayo kutoka Bujumbura. Mbele ya kiti, mahali ambapo vinyozi wengine huweka kioo, palikuwa na ukurasa wa Juni: bwawa lenye mayungiyungi, kazi ya mchoraji Mfaransa aliyekufa zamani.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kwanza picha ile iliniudhi. Nikiwa kitini niliona mabaka tu, kama mahali mtu alipofutia brashi. Siku moja mashine ilipokwama nilisimama mlangoni nipate hewa, nikageuka, na mabaka yakawa maji. Maji yenyewe, yenye kina, yenye anga ndani yake. Nilisogea, yakavunjika. Nikarudi nyuma, yakatulia. "Njoo ukae, wewe!" Baba Nestori akanifokea. "Utaenda shule na nusu ya nywele?" Maji yale nilikuwa nayajua. Kila alfajiri tuliteka ziwani na jerikeni zetu, tukichungulia kwanza kama viboko wamekwisha kuondoka, na mimi niliona kwa macho yangu kwamba kabla jua halijapanda ziwa huwa zambarau, kisha waridi, kisha rangi ya chai ya maziwa. Shuleni mwalimu alikuwa amenichapa viganja kwa kusema hivyo. Maji ni bluu, majani ni kijani, basi. Sasa Mfaransa ambaye hakuwahi kukanyaga wilaya yetu ya Isingiro alikuwa amenitolea ushahidi.

Nikaanza kutafuta rangi. Nilisugua mkaa, nikachemsha kokwa za parachichi mpaka zikatoa wekundu wa kutu, nikamwibia mama bluu ya kufulia, nikakinga maji ya maharage meusi kabla hajayamwaga. Nilichora juu ya katoni za mgao wa chakula kwa unyoya wa kuku na kwa kidole. Mama aliniona ninapoteza muda. Yeye alikuwa mwanamke wa Fizi, Kongo, aliyelima mahindi kwenye kipande kidogo cha ardhi na kuuza sombe, yaani kisamvu, jioni, na mikono iliyokaa bure ilimtia wasiwasi. Baba alibaki nyuma tulipovuka mpaka tukikimbia vita, na kuhusu hilo sitasema zaidi.

Mwaka huo wakaja wageni wa shirika moja na tangazo: watoto wachore, picha nzuri zipelekwe mjini Mbarara, na mshindi asomeshwe sekondari huko, bweni na yote. Sijui kama mtu aliyekulia penye sekondari anaweza kuelewa tangazo lile lilikuwa nini kwetu. Mama aliacha kulalamikia bluu yake. Nilichora ziwa kwa wiki mbili, mayungiyungi yakifunguka katika ukungu, na nilipomaliza nilijua kwamba nimepata.

Afisa wa mashindano, Mganda mpole mwenye miwani, aliishika picha yangu kwa muda mrefu. "Kazi iko sawa," akasema, "lakini vita iko wapi? Hii ni maua tu." Nikamwambia ni ziwa letu. "Watu ya nje hawawezi kuelewa. Weka nyumba inaungua hapa kidogo, weka askari. Chora ile kitu ulitoroka." Alinipa karatasi nyeupe, safi, ya kwanza maishani mwangu, na siku moja ya kufikiri.

Mama hakuhitaji siku. "Bale batu banataka bunduki, basi bachoree bunduki," akaniambia. "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Nilikaa mbele ya karatasi ile hadi vidole vikafa ganzi. Ningeweza kuchora, niliyaona yote, mpaka viatu vya askari. Ndiyo maana sikuweza. Kesho yake nilimrudishia afisa karatasi ikiwa tupu, na juu yake nikaweka ziwa langu. "Ile niliyoitoroka ni yangu," nikasema. "Ninayowapa ni hii."

Nafasi ilikwenda kwa Sifa, rafiki yangu, aliyezaliwa palepale Nakivale na asiyewahi kusikia mlio wa risasi. Alichora kifaru cha vita kizuri sana. Simlaumu, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Lakini mama hakusema nami siku tatu. Siku ya nne nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amekandika ukuta wa mbele wa nyumba yetu kwa udongo mweupe, viwiko vyote vimechafuka. Akanisukumia bakuli la maji ya maharage. "Chora hapa," akasema. "Hapa hakuna mutu atakuuliza."

Ukuta ule uliniletea kazi. Baba Nestori alitaka mlango wake uchorwe, kisha mwenye duka, kisha kanisa, na baada ya miaka michache fundi wa mabango wa Mbarara akanichukua. Huko, katika maktaba, nilisoma habari za Mfaransa wangu. Mabwana wa nchi yake walizicheka picha zake za kwanza, wakasema hazijakwisha. Uzeeni, mtoto wa jicho akimfunga macho, vita vikubwa vilikaribia kijiji chake hata mizinga ikasikika. Wengi wakahama, yeye akabaki bustanini akichora mayungiyungi. Leo watu hupanga foleni kuyatazama, na sijasikia anayelalamika kwamba hakutia mizinga ndani ya bwawa. Swali la vita iko wapi wametuwekea sisi.

Ukuta wa mama mvua ilikwisha kuula. Mimi sasa nafundisha kuchora katika shule moja hapa Mbarara, na mwanafunzi akiniletea ng'ombe wa zambarau namuuliza tu alimwona saa ngapi. Mwaka jana picha yangu ilitundikwa katika maonyesho mjini, na chini yake wakabandika kadi: Kazi ya mkimbizi. Nilitoa kalamu, nikayafuta maneno hayo kwa mstari mmoja, nikaandika: Ziwa, saa kumi na mbili asubuhi. Mwanamke aliyeandaa maonyesho alikuja mbio. "Sasa wageni watajuaje wewe ni nani?" Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilijua kukataa tu, na nilikataa nikitetemeka. Safari hii mkono ulikuwa umetulia.

"Watatazama," nikamwambia.