Mkono Ndani ya Pembe

Mwanangu, iweke hiyo pembe magotini, nipumzike kidogo. Nimechoka. Midomo imelegea, meno ya mbele yamekwenda, na mazoezi ya leo yamenimaliza. Lakini umeutoa mkono ndani ya pembe ili usikike hadi barabarani, na mimi nimekumbuka siku ambayo kwa hiari yangu nisingeikumbuka.

Nilikuwa kijana kama wewe, hapa hapa Kerende, na pembe ya kanisa ilikuwa hii hii ya shaba, iliyoviringwa kama ngata. Mwalimu wangu, mzee Marwa, alinifundisha mwaka mzima mambo matatu tu: pumzi itoke tumboni, midomo isikandamizwe, na mkono wa kulia ukae ndani ya mdomo mpana wa pembe ili sauti ilainike. Mkono ndio adabu ya pembe, alisema. Mimi niliona ananibania.

Asubuhi moja nikapanda nayo mlimani, nikautoa mkono, nikapuliza kwa nguvu zote. Nilitaka binti mmoja wa ng'ambo ya mto anisikie, basi. Nikasahau kwamba kwetu pembe ikilia mlimani, ng'ombe wameibwa. Wanaume wakatupa majembe, wakashika mishale, wakakimbia. Baba yangu naye akakimbia, akateleza kwenye mawe ya mto. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia nilikuwa mimi, guu likavunjika la baba.

Mzee Marwa hakunipiga. Alikuja nyumbani akaniambia mbele ya baba, "Nguvu unazo. Sasa jifunze kuzizuia." Afadhali angenipiga.

Miezi ikapita. Jumapili ya kwanza baba kuweza kutembea, alikuja kanisani na fimbo, akakaa nyuma kabisa. Nilipuliza taratibu, mkono ndani, machozi yananitoka. Baada ya ibada akanishika bega.

"Mura, kijana wangu," akasema, "leo umeniita vizuri."

Alichechemea hadi kufa kwake, na jambo lile hakulitaja tena.

Nasaha yangu ni fupi, mwanangu, maana pumzi nayo imepungua. Kupaza sauti hata fahali anaweza. Wewe kabla hujapuliza, jiulize nani atasikia, na ataelewa nini. Haya, rudisha mkono, tuanze tena. Mungu akujalie pumzi ndefu, na kila atakayeifuata sauti yako afike kwa miguu yake miwili.