Hodi ya Saa Saba Kwenye Chumba cha Seva

Mkuu wangu wa zamani bado anasimulia mji mzima kwamba nililala kazini, nikaota, nikamharibia mashine. Mwache aseme. Sikulala. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, Lindi mjini, na niliyoyaona niliyaona kwa macho haya unayoyaogopa ukinikuta njiani.

Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne, mtoto wa miezi minane, na mume aliyekwenda Mchinga kujitafutia mke mwingine. Wakati huo kila mwenye vijisenti alikuwa anafungua biashara yake, na mkuu wangu akafungua duka la intaneti. Mbele kompyuta za wateja, nyuma chumba kidogo chenye seva, ile mashine inayotunza kurasa na kumpa kila anayeziomba. Nilifundishwa, nikaijua. Usinifanye mjinga.

Nikuelezee jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Seva ukitaka kuiongezea kazi mpya, si lazima uizime na kuiunda upya. Kuna vipande vya ziada, wanaviita moduli. Faili la moduli unaliweka ndani ya folda, linakaa tu, kama mgeni aliyesimama nje. Halifanyi kitu mpaka uandike mstari wa kuliita kwenye mipangilio, kisha uiambie seva isome upya. Hapo kipande kinaingia, mashine inaendelea na kazi, na wateja hawajui kama kuna aliyeongezeka.

Siku hiyo mkuu alitaka moduli mbili: moja ya kuwauliza watu neno la siri, nyingine ya kubana kurasa zifunguke haraka. Akapiga simu alfajiri kutoka Dar. "Namtuma fundi. Akija mpe kiti. Na usithubutu kuizima hiyo mashine."

Saa ya swala duka lilibaki na mteja mmoja, Kaka Mathei, mnunuzi wa ufuta, Mkristo, amekaa kompyuta ya mlangoni kabisa. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nambadilisha mwanangu Rehema nepi. Nikasikia hodi, sauti ya mwanamke.

"Karibu," nikajibu, hata sikuinua kichwa.

Wewe ungefanyaje? Kwetu hodi haingoji akili, mdomo unajibu wenyewe.

Nilipogeuka alikuwa ameshaketi mbele ya seva. Mwanamke wa makamo, baibui jeusi, ametoka kwenye jua lile la kukaanga samaki na uso wake mkavu. Hata tone la jasho. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Mtu mzima wa pwani, uamkiwe, usiitikie marahaba? Nikasema moyoni, fundi wa Dar, ana maringo.

Vidole vyake vikatembea. Dakika chache tu, moduli mbili zimeingia. Nikajaribu ukurasa, ukaniuliza neno la siri. Kazi safi, siwezi kumsingizia.

Halafu akamtazama Rehema, niliyemkalisha kwenye benchi. "Huyu anakukeshesha."

"Nani kakwambia?"

"Macho yako. Nimwongezee kipande cha utulivu? Anaendelea kuwa mwanao, hujamzima, hujamuunda upya."

Nikacheka, nikidhani ni utani wa mafundi. "Mwache mwanangu, dada. Ongezea mashine."

"Umeshanikaribisha, mdogo wangu," akasema, akainuka, akatoka.

Ile anatoka tu, Rehema akayumba, akaanguka kutoka kwenye benchi, uso kwenye sakafu ya saruji. Nikamnyanyua, mdomo umepasuka, damu inachuruzika mpaka kwenye kanga. Hakulia. Niamini, hata uso hakukunja. Alikuwa anaitazama seva. Nikamwita, nikamfinya paja, mimi mama yake, nikamfinya tena. Kimya.

Nikakimbilia mbele. "Kaka Mathei, yule mwanamke kaenda upande gani?"

"Mwanamke gani? Mimi si nimeziba mlango hapa? Nakusikia tu unaongea peke yako. Nikajua njaa."

Nikarudi kwenye seva, mtoto kwapani, nikafungua mipangilio. Mistari ya kuita moduli tuliyoongeza ilipaswa kuwa miwili. Ilikuwa mitatu. Wa tatu uliita moduli inayoitwa rehema. Nikaangalia kwenye folda: faili hilo halipo. Sasa wanaoijua kazi hii waniambie: seva ukiiambia isome kitu kisichokuwepo, si inakataa kuwaka? Yetu ilikuwa inanguruma kwa raha zake.

Nikaufuta mstari, nikaiambia isome upya. Nikafungua tena, mstari upo. Nikafuta. Ukarudi. Nikampigia mkuu, akafoka, "Fundi hajatoka hata Dar! Na nimekwambia usizime!"

Nikakata simu. Nikachomoa waya ukutani. Betri ya akiba ikaanza kupiga kelele, mashine haijali.

"Dada, nimebakiza mstari mmoja nitume barua pepe yangu!" akapaza Mathei.

"Utaandika tena."

Nikaing'oa waya na kwenye betri. Seva ikafa. Na Rehema akalia. Alilia mpaka waliotoka msikitini wakasimama nje. Mathei akachungulia akasema, "Sasa huyo ndiyo mtoto." Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Mashine haikuwaka tena. Nilifukuzwa kabla ya alasiri. Leo nauza maandazi Mitwero, na ningeing'oa tena, hata zingekuwa mia.

Rehema ana miaka mitano sasa. Ijumaa iliyopita tunakula, jua la utosi, ikapigwa hodi. Aliacha tonge, akaenda dirishani, akachungulia, akarudi akaniziba mdomo kwa kiganja chenye mchuzi.

"Mama, usimjibu. Hatoki jasho."

Sijawahi kumsimulia habari ya jasho. Wala mtu yeyote, mpaka leo hii ninapokuandikia wewe. Tulikaa kimya mpaka hodi ya tatu ikaisha.

Kwa hiyo cheka ukitaka, lakini mchana wa jua kali chungulia kwanza ndipo useme karibu. Na mwanao akinyamaza ghafla, usishukuru. Mfinye.