Kompyuta Zilizotoka Bila Kununuliwa

Dada yangu alikuja na basi la asubuhi kutoka Handeni, akaingia kwangu kwenye kota za shamba la mkonge la Ngombezi, hata maji hakuomba. Akafungua pindo la kanga, akatoa hati ya hisa, akaiweka mezani.

"Mdogo wangu, hebu nionyeshe. Hiki nakikamua wapi?"

Watoto wangu wakacheka, walidhani ni utani. Mimi niliangalia sakafu. Ng'ombe wake wanne waliishia kwenye karatasi ile, na aliyemwambia awapeleke mnadani ni mimi.

Ilikuwa miaka ile mashirika yanauzwa, na mashamba ya mkonge yanabadilisha wenyewe, kila mtu anahimizwa anunue hisa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kilole akawa wakala wa kampuni ya Dar, ya kuunganisha na kuuza kompyuta. Kila miezi mitatu kampuni ilitoa taarifa gazetini, naye alitusomea barazani kwake kwa sauti ya darasani. Taarifa ikiwa nzuri hisa inapanda, ikiwa mbaya inashuka. Mjanja, alisema, ananunua mapema.

Mimi ni darasa la nne, kazi yangu ilikuwa presi ya kiwandani, kufunga marobota ya katani. Siku moja mwalimu akasoma kwamba kompyuta zilizotoka robo hii ni nyingi kuliko robo iliyopita. Hilo "zilizotoka" likanikwama. Kwetu robota likivuka mlango wa presi karani anaandika limetoka. Meneja anapata sifa zake. Robota lenyewe liko stesheni, linanyeshewa, mnunuzi hajulikani.

Nikauliza, "Mwalimu, zimetoka zikaenda kwa nani?"

"Zimetoka, zimeuzwa! Kiswahili gani hicho hukielewi?"

Jirani mmoja akadakia, "Mzee wa katani, kompyuta haisokotwi kamba!" Baraza zima likaangua kicheko.

Stoo ya tawi la kampuni ilikuwa uani kwa mwalimu. Nilipokwenda chooni nikachungulia dirishani. Maboksi hadi darini, utepe haujakatwa, buibui ametanda. Nikamvuta mwalimu pembeni. Akanishika bega.

"Hizo zimeshaingia kwenye mauzo, mzee. Zinasubiri wateja tu."

Sasa niambieni, mali gani imeshauzwa halafu inasubiri mteja?

Nilijua. Sitasema sikujua. Lakini kile kicheko kilinikaa, nami sikutaka kuchekwa mara ya pili. Wiki iliyofuata hisa ikapanda kweli, waliocheka wakanunua, wakatembea vifua mbele. Dada aliponiuliza, nikamwambia nunua kabla haijapanda zaidi. Ya stoo sikumwambia.

Robo mbili baadaye taarifa ilikuja tofauti: kompyuta zimerudishwa Dar kutoka matawini, kampuni ina hasara. Hisa ikaanguka, hata wa kuipokea bure hakupatikana. Gazeti likaandika kwamba mkurugenzi wa kampuni alikuwa ameuza hisa zake siku chache kabla.

Kosa langu nimemwambia dada mbele ya watoto wangu, na hajanisamehe. Ana haki. Lakini sikuwa peke yangu. Mwalimu aliyaona maboksi kila alipokwenda kuoga. Mhasibu aliandika mauzo ambayo hayakuwa mauzo. Mkurugenzi alikimbia na chake. Na chini ya taarifa ile nzuri kuna sahihi ya mkaguzi wa hesabu, mtu msomi, analipwa kwa kazi ya kukagua.

Huyo ndiye ninayemtaka. Ulifika Kilole? Uliomba ufunguo wa stoo? Ulimuuliza mtu hata mmoja jina la aliyenunua? Mimi wa darasa la nne nilihitaji dirisha tu. Njoo Handeni, simama mbele ya zizi la dada yangu, umjibu yeye.