Hanna Alikataa Kusaini

Sifaeli alikuwa fundi mwashi, na nyumba yao ya Sombetini aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, kwa miaka kumi na mmoja. Mkewe Hanna ndiye aliyekuwa akimchotea maji na kumchanganyia zege.

Mwaka juzi figo za Hanna zilikufa. Ikawa ni kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, au kaburi. Waliuza ng'ombe, wakauza na shamba la kahawa kule mlimani. Ikabaki nyumba.

Mnunuzi alipatikana upesi: Abdulsalam, mfanyabiashara wa Levolosi. Lakini mwanasheria aliisogeza pembeni karatasi ya mauzo.

"Mzee, hii ni nyumba ya ndoa. Bila ridhaa ya mama, sigongi muhuri."

Sifaeli hakuona shida. Nani akatae kutibiwa?

"Sisaini," Hanna alimwambia. "Vaileth kaachika, ana watoto wanne. Watalala wapi?"

"Mama Vaileth, utakufa."

"Hata ukiuza nitakufa. Hela itaisha, na nyumba itakuwa imeenda."

Sifaeli alimbembeleza. Akamleta mchungaji. Akampigia magoti, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti. Mwishowe dalali aliyemleta mnunuzi akamnong'oneza kuwa mwanamke wa kujifanya Hanna anapatikana, na kitambulisho juu. Sifaeli akakubali.

Ila Abdulsalam alitaka kumsikia mama mwenyewe, kwa masikio yake. Akaja nyumbani bila taarifa. Hanna, miguu imevimba, akamkaribisha kiti, akamwuliza habari za watoto, ndipo akasema, "Nisamehe, baba. Nyumba haiuzwi."

Mgeni alipoondoka, Sifaeli alimweleza mkewe habari za yule mwanamke wa dalali.

"Sikulaumu," Hanna akasema. Heri angemtukana.

Alifariki Aprili, mvua zikinyesha. Walimzika shambani kwa shemeji yake, maana la kwao halikuwa lao tena.

Wiki ya pili dalali alipiga simu. "Pole sana, mzee. Lakini sasa mambo ni mepesi, hakuna wa kumbembeleza."

Sifaeli alikata simu. Vaileth alikwisha kuhamia. Watoto walikuwa wakikimbizana vyumbani, na mmoja akamwita babu aje kula. Hakuinuka. Aliziangalia kuta alizozisimamisha kwa mikono yake, akatamani zianguke.