Faili ya Shamba la Mama

Mimi ni mtu wa kushuku. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na ukishalifundisha darasa la nne huwezi tena kumwamini mtu anayekuambia kitabu kimebaki nyumbani. Kwa hiyo karani wa ofisi ya ardhi aliponiambia kwamba faili ya shamba la mama yangu "imetoka kidogo," nilimwangalia mikono kwanza, ndipo nikamwangalia macho. Ofisi hiyo ilikuwa ya mji gani sitasema. Wenyewe wanajijua.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama aliishi Kanyakine, huko Meru, kwenye shamba aliloachiwa na baba. Baba alikufa nikiwa darasa la pili, kabla serikali haijaja kuyapima mashamba na kuyaandika. Siku ya kuandikwa ilipofika, wazee wa kamati na ofisa wa ardhi waliketi uwanjani, wakaita mwenye shamba mmoja baada ya mwingine aseme lake, na karani akaandika yaliyosemwa. Hati ya shamba letu ilipotoka, ilitoka kwa jina la baba mdogo, ndugu yake baba. Hakuna aliyeuliza. Mama aliendelea kuchuma chai yake na kukata ndizi zake, baba mdogo akaendelea kumsalimia njiani wakienda kanisani, nasi tukakua.

Kisha baba mdogo akafa, mwanawe mkubwa akarithi hati, na asubuhi moja mama akaamka akakuta nguzo za mkaratusi zimesimamishwa katikati ya chai. Mwana wa baba mdogo alimweleza kwa adabu zake zote kwamba yeye akae tu kwenye nyumba yake, asiwe na wasiwasi, ila sehemu ya juu imepata mnunuzi. Sehemu ya juu ndiko alikozikwa baba.

Nilimwendea wakili mmoja wa Nkubu, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kupita kiasi, ambaye pia nilimshuku. Aliniambia kwamba hati peke yake ingetumaliza, lakini kama kumbukumbu za kikao kile zilionyesha kuwa baba mdogo aliandikwa kama mwangalizi tu, kwa niaba ya mjane na watoto wake, mahakama ingeweza kumrudishia mama shamba. Kila kitu kilitegemea karatasi hizo. Na sheria, alisema, inampa kila raia haki ya kuomba kumbukumbu zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku ishirini na moja.

Niliandika barua kwa mkono wangu, mwandiko wa ubaoni. Nikaambatisha nakala ya kitambulisho, nikaipeleka mwenyewe, na nikakataa kuondoka mpaka kopi yangu igongwe muhuri. Siku ishirini na moja nilizikata moja moja kwenye kalenda ya kanisa. Siku ya ishirini na mbili nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua.

"Mwalimu, bado tunatafuta," karani alisema. "Hizo ni file za zamani sana. Zingine zilinyeshewa."

"Yetu ilinyeshewa?"

"Sijasema imenyeshewa. Nimesema zingine."

Nikarudi wiki iliyofuata, na nyingine tena. Walinizungusha kutoka dirisha hadi dirisha: mara mkubwa yuko mkutanoni, mara yuko likizo, mara amehamishwa na mpya hajaripoti. Siku moja niliona gari la mwana wa baba mdogo limeegeshwa nje ya ofisi ile. Ni kweli kuna benki jirani, na kila mtu huegesha pale. Lakini niliingia nikiwa nimeshaamini kwamba wamekula njama, na nikamwuliza karani waziwazi ni nani amemfunga mdomo.

Hakukasirika. Alitazama mlango, akainamisha kichwa karibu na dirisha.

"Mwalimu, hii kitu ungeachana nayo tu. Mama si anakaa kwa nyumba? Wacha akae."

Mtu wa kawaida angesikia ushauri. Mimi nilisikia kitisho. Niliandika maneno yale kwenye daftari, nikaandika na saa, na usiku ule sikula. Niliandika barua ya pili, kali kuliko ya kwanza. Kisha nikalalamika kwa tume ya malalamiko, nayo ikawaandikia, wakanyamaza vilevile. Ndipo wakili akasema twende mahakamani.

Ndugu yangu anayenifuata, aliyenunua shamba Kanja, upande wa Embu, akahamia huko na mkewe, alinipigia simu aliposikia.

"Dada, unashtaki serikali?"

"Ninaomba karatasi."

"Na hizo karatasi zikisema kitu hutaki?"

Nikamshuku na yeye. Nilijiuliza ameahidiwa nini, maana mwana wa baba mdogo alihudhuria sherehe ya kufungua nyumba yake akamletea na mbuzi. Sikumpigia miezi mitatu. Leo naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyokuwa: nililala na majina ya watu kichwani nikiwapanga, huyu amenunuliwa, huyu anaogopa, huyu anajua.

Kesi yenyewe haikuwa kama watu wanavyodhani kesi. Hakuna aliyepiga kelele. Ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Kila mara nilivaa koti langu la Pasaka na kukaa benchi ya nyuma nikisikiliza kesi za watu wengine. Wakili wa serikali alisema kwanza kwamba barua yangu haikumfikia ofisa anayehusika. Tukaonyesha muhuri. Akasema faili iko katika kuhamishwa. Jaji, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akauliza inahamishwa kutoka wapi kwenda wapi, naye akaomba muda akaulize. Mara ya nne akasema sijathibitisha kuwa mimi ni raia wa Kenya, kwa kuwa barua iliyopo kwenye faili yao haina kitambulisho. Nilisimama bila kuitwa. Nilikuwa nimeibana nakala ya kitambulisho kwa stapla mbili! Barua ilipoletwa, matundu manne ya stapla yalikuwepo, karatasi haikuwepo. Wakili wangu alinivuta koti nikaketi, lakini jaji aliyatazama matundu yale kwa muda mrefu.

Aliamuru tupewe kumbukumbu ndani ya siku kumi na nne. Zilipita kumi na tatu. Ile ya mwisho karani alinipigia simu, nikaenda, akanikabidhi bahasha ya kaki bila kuniangalia usoni. "Nilikuwa nimekuambia," alisema tu.

Niliifungua nikiwa nimeketi kwenye ngazi za ofisi. Zilikuwa kurasa mbili za mashine ya taipu, na chini alama ya dole gumba la mama. Nililitambua kabla sijasoma, kwa kovu lake la panga. Ilisemwa kwamba mjane aliitwa, akaulizwa ana watoto wangapi wa kurithi. Hakujibu. Akaulizwa mara ya pili, hakujibu. Wazee wa kamati wakaulizwa kama wanajua, nao hawakusema. Hivyo ikaandikwa kwamba mjane hana mtoto, shamba liende kwa ndugu wa marehemu, na mjane alitumie akiwa hai.

Hana mtoto. Mimi nilikuwa nimeketi pale kwenye ngazi nikiwa na nywele za mvi.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta wizi: jina lililofutwa, ukurasa uliochanwa, wino wa rangi nyingine. Niliigeuza karatasi ile juani nikitafuta chochote. Haikuwa na kosa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kama kilivyotokea, na mtu yeyote wa kwetu angeelewa kilichotokea, isipokuwa ofisa aliyetoka mbali na kuuliza swali.

Kwetu mzazi hahesabu watoto wake walio hai. Ukimwuliza mama wa makamo ana wangapi atakuambia "Wapo," au "Mungu amenipa," na atabadilisha mazungumzo. Kuwataja kwa idadi ni kuwaonyesha kwa kile kinachochukua watoto. Hata mbuzi wazee wetu hawakuwahesabu kwa sauti. Na kuhesabu watoto wa mwenzako mbele ya watu ni kubaya zaidi. Ni kama kumtakia msiba. Wazee wa kamati walitujua sote, walitugawia miwa tukitoka shuleni, na wote walinyamaza kwa heshima. Baba mdogo naye alikuwepo, jina lake liko kwenye orodha ya waliohudhuria. Kama alinyamaza kwa heshima au kwa tamaa, hilo nimeshindwa kulijua, na nimelifikiria sana.

Nilimsomea mama jikoni kwake, nikimtafsiria kwa Kimeru. Alisikiliza huku akichambua njahi, maharagwe yetu meusi, hakuinua kichwa.

"Mlikuwa wadogo," alisema nilipomaliza. "Nilikuwa nimeshazika wawili kabla yako. Baba yako naye alikuwa ndiyo tu amekwenda. Yule mtu wa serikali ananiambia nihesabu. Nihesabu ili iweje?"

"Ulijua watachukua shamba?"

"Shamba si lilikuwa pale? Ningelihofia shamba?" Akapuliza maganda kwenye ungo. "Nilinyamaza, mkakua. Wote."

Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipoolewa, naye akaniambia niache, njahi zitapata chumvi.

Wakili wa Nkubu alipoisoma karatasi aliivua miwani yake. Alisema tuliomba kisu na tumepewa upande wa makali. Wenzetu wangesema mjane aliulizwa mara mbili akanyamaza kwa kuwa aliridhia. Njia ilikuwa moja: tufungue kesi ya shamba lenyewe, mama mwenyewe asimame mbele ya jaji, aeleze kwa nini alinyamaza, na ajibu swali ambalo hakulijibu siku ile. Nilimwambia hatakubali. Siku ya tatu baada ya kusikia, mama akaomba nimnunulie kitambaa kipya cha kichwa.

Kesi ya shamba tulishinda, lakini hukumu ilikuja baadaye sana, na nguzo zile za mkaratusi tulizipasua kuni. Ninayotaka kuandika hapa ni ya siku ambayo mama alitoa ushahidi.

Alipewa kiti kwa ajili ya magoti yake. Mkalimani wa mahakama, kijana wa Kimeru, alisimama kando yake. Mwana wa baba mdogo alikuwa ng'ambo, amevaa suti, haangalii upande wetu. Mama alieleza vizuri, polepole, habari ya mila na habari ya wale wawili, na niliona jaji akiandika. Kisha wakili wa upande ule akasimama. Hakuwa mkorofi. Nadhani alikuwa na hakika kwamba hangejibiwa.

"Mama, leo uko mbele ya mahakama. Una watoto wangapi?"

Mkalimani alilitafsiri swali kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeomba radhi. Mama aliuangalia mkono wake. Alianza kututaja majina, kuanzia kwangu, mmoja mmoja, na kila jina alikunja kidole. Alipofika kwa kitinda mimba alisimama, ngumi imefungwa.

"Hao ni wangapi?" wakili alisisitiza. "Iandikwe, mama."

Mkalimani hakutafsiri, aliangalia sakafu. Lakini mama alikuwa ameelewa Kiswahili hicho, na alijibu kwa Kiswahili, lugha ambayo nilimsikia akiitumia mara chache sana maishani, sokoni tu.

"Ni watano," alisema. "Andika."

Kisha akajifunika uso kwa kile kitambaa kipya, na jaji akasema tupumzike nusu saa.

Mimi ni mwalimu. Nimesoma, ni mzee wa kanisa, nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu. Nilitoka nje mbio kama msichana, nikasimama kando ya ukuta wa mahakama, nikatoa simu. Nilimpigia dada yangu wa Meru mjini, akashika. Nilimpigia mdogo wangu anayefundisha sekondari, akanong'ona kwamba yuko darasani. Kitinda mimba alishika akiwa garini, nikamwambia aegeshe. Hao watatu, nikishasikia sauti zao, nilikata simu kabla hawajauliza ninachotaka.

Yule wa Kanja hakushika. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikalia mpaka ikakatika. Nikakaa kwenye ukingo wa saruji, nikaanza kuomba kwa sauti, bila kujali waliokuwa wakipita na mafaili yao. Mara ya tatu alishika, akihema, amekimbia kutoka kwenye mahindi.

"Dada? Nini? Ni mama?"

Nikamkaripia, kwa sauti niliyokuwa nikiwakaripia nayo watoto wa darasa la nne, kwa nini akipigiwa simu anachelewa hivyo kujibu.