Chini ya Chupa ya Papa wa Depo

Chupa moja ya sucré, yaani soda, hurudi mara ngapi kiwandani kabla ya kuvunjika? Mtaalamu kutoka Kinshasa aliniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa na diploma ya uchumi na tableti mkononi. Sikujua. Papa, mzee aliyesimamia depo ya chupa tupu, alikuwa kando yangu, lakini yeye hakuwa na tableti, kwa hiyo nani angemuuliza?

Kiwanda chetu cha soda kilikuwa kimegundua uchumi wa mzunguko. Kisangani hata mtoto anajua kwamba huuziwi sucré bila kuacha chupa tupu, lakini sasa jambo hilo lilikuwa na nembo ya kijani na semina ya siku tatu. Depo ikaitwa Kitengo cha Mzunguko. Kila chupa ikabandikwa karatasi yenye namba yake ya kusomwa na tableti, nami, ninayebishia kila kitu hadi mahubiri ya Jumapili, sikuibishia tableti.

Baada ya miezi michache tableti ikatoa hukumu: kila chupa hurudi mara moja, kisha haionekani tena. Mkurugenzi akaita mkutano. Kama chupa hazirudi, depo ya nini? Afadhali tuhamie plastiki. Plastiki, kwa ajili ya mazingira.

"Bon, patron," papa akasema, "chupa iko inarudi. Ni maji ya moto, kule tunaosha, iko inatoa zile karatasi. Halafu munabandika ingine, munasema ni chupa mupya."

"Hilo ni la awamu ya pili, papa," mtaalamu akajibu.

"Awamu ya pili nitakuwa kwangu, nalala."

Watu wakacheka. Papa alikuwa amekuja na chupa moja tupu. Akaipindua. "Donc, muangalie hapa chini..."

"Iweke, papa, utaivunja," mkurugenzi akasema.

Akaiweka. Nilidhani alitaka kutuonyesha kwamba haina mende. Depo ikafungwa, papa akarudishwa nyumbani, mimi nikapewa cheti.

Miaka minne baadaye nilinunua mafuta ya mawese mtaani Kabondo kwa mke wa papa, ambaye sasa ndiye anayelisha nyumba. Aliyauza katika chupa zetu za zamani. Chini ya yangu kulikuwa na mistari midogo, imekwaruzwa kwa ncha ya tupa.

"Hiyo ni ya papa," akaniambia. "Kila chupa ikirudi, alikuwa anaongeza mumoja."

Nikaihesabu palepale. Ilikuwa ishirini na mitatu.