Hisano na Vinoo vya Tomekichi

Mimi natengeneza tofu, ile jibini laini ya soya, na ukuta wa jiko langu ndio ukuta wa chumba cha Tomekichi muuza samaki. Nyumba za mtaa wetu hapa bandarini Himi zimebanana hivyo. Mtu akipiga chafya kwao, mimi huku natafuta leso. Kwa hiyo msiniulize nimejuaje haya. Mengi niliyasikia mwenyewe, na ambayo sikuyasikia nilikwenda kuyauliza bila haya.

Tomekichi alipatwa na kiharusi majira ya maua. Upande wa kulia wote ukalala, ulimi ukawa mzito, ila matusi yalitoka sawasawa. Pazia la mlangoni, ambalo kwetu likitundikwa maana yake duka liko wazi, likashushwa. Mkewe, Hisano, alimlisha, akamwogesha, akamgeuza, na kiangazi kizima sikumsikia akilalamika. Mpaka jioni ile mzee aliposema duka lisifunguliwe tena.

"Mkono umekufa," alisema. "Jinpachi atakuja kuchukua visu."

Jinpachi ni muuza samaki wa mji wa pili. Yeye na Tomekichi walijifunza kazi kwa bwana mmoja wakiwa vijana.

"Mkono umekufa, mimi je?" Hisano akajibu. "Nimesimama kwenye meza ile tangu uliponioa. Kichwa cha samaki nimekata mimi, wateja nimeongea nao mimi, maana wewe ukiwafungulia mdomo wanakimbia. Ukifunga, nikiamka asubuhi nifanye nini? Nikutazame unavyokunja uso?"

"Na visu atanoa nani?"

"Mimi."

Loo! Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu augue, na kilikuwa kicheko kibaya.

"Wewe? Umeshika kinoo lini?"

"Uliniachia lini nikishike?"

Hapo Hisano alisema kweli tupu. Kila siku duka likifungwa, Tomekichi alitoka uani na vinoo vyake, akachuchumaa, akaupa ulimwengu mgongo. Huko nyuma mke alikuwa akisugua meza na kumwaga maji. Hakuna aliyeona mikono ile inafanya nini.

Mzee akasema, "Haya. Noa kile kirefu. Siku nitakayokosa kosa, pazia litundikwe. Radi ya buri ikipiga kabla ya siku hiyo, Jinpachi achukue visu, na usinisumbue tena."

Radi hiyo huja mwanzoni mwa baridi. Ikipiga tu, bahari inachafuka na nyavu zinajaa buri, samaki mnene wa mafuta ambaye mtaa wetu mzima unaishi kwa ajili yake. Mwaka mwingine inawahi, mwaka mwingine inachelewa, na hakuna anayeweza kuipangia.

"Utanifundisha?" Hisano akauliza.

"Mimi sikufundishwa."

Na kweli hakufundishwa. Bwana wao yule hakuwahi kumweleza mwanafunzi neno. Ukikosea, upawa wa mbao kichwani. Ukipatia, hakuna kitu. Yaliyobaki muibe kwa macho.

Basi Hisano akaanza. Alivitoa vinoo vitatu, cha kukwaruza, cha kati na cha kumalizia, akavilowesha kwenye beseni mpaka vikaacha kutoa mapovu, akachuchumaa palepale alipokuwa akichuchumaa mumewe. Kisu chenyewe ni kirefu na chembamba, cha kukatia samaki wa kuliwa mbichi. Kimechongwa upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa. Ukikiinua kidogo unaharibu makali, ukikilaza mno unakwaruza chuma bure. Nikaanza kusikia: shaa, shaa, shaa. Halafu maji: pwaa! Halafu kutoka chumbani, fimbo ya mzee kwenye ukuta wangu: ko, ko!

"Nimesikia!" Hisano akapiga kelele. "Kelele za kinoo zinakukera? Ziba masikio!"

Shaa, shaa, shaa. Pwaa! Ko, ko!

"Maji haya ni ya kisima, mzee, hulipii!"

Ikawa ndiyo maisha yetu. Akimaliza kunoa, Hisano alijaribu kisu kwenye figili nyeupe. Vipande havikuachana. Ukiinua kimoja vinafuata vyote, vimeshikana kama nguo kwenye kamba. Anavitupa kwenye sufuria, siku ya pili anarudi uani. Wiki zikaenda tukila mchuzi wa figili, yeye na mimi, maana alikuwa ananiletea na mimi. Vidole vyake vilijaa vitambaa. Ngozi ya viganja ikalainika kwa maji ikaanza kubanduka.

Niliona huruma nikamwambia, "Shoga, achana na visu hivi. Njoo tuuze tofu, mimi peke yangu nachoka."

Akanigeukia, jicho jekundu. "Masue, ukilirudia neno hilo nitakukata na kisu hiki."

"Hicho? Hicho hakikati hata tofu."

Tulicheka mpaka mzee akagonga ukuta. Lakini alipofuta machozi ya kicheko niliona kuna mengine yaliyobaki. Akaniambia polepole, "Masue, mimi si mgonjwa. Kwa nini nizikwe naye?" Nilirudi kwangu nikiwa na hasira na Tomekichi hata nikatamani kumtilia chumvi kwenye chai.

Sasa sikilizeni nilivyogundua, maana hili ni langu na sitakubali mtu alichukue. Siku moja nachemsha soya, fimbo ikagonga, upawa wangu uliokuwa umetundikwa ukutani ukadondoka ndani ya sufuria, maziwa ya moto yakanirukia mkononi. Damu ikanichemka. Nikasimama pale ukutani nikingoja agonge tena, nimjibu. Nikasikia shaa, shaa, shaa, muda mrefu, na mzee kimya. Pwaa! Ko, ko! Nikangoja. Shaa, shaa, kimya. Pwaa! Ko, ko!

Nilitoka mbio na aproni yangu, nikachungulia juu ya ua.

"Hisano! Hebu noa."

"Nafanya nini hapa, nacheza?"

"Noa tu. Usimwage maji mpaka nikwambie."

Akanoa. Tope la kijivu likaanza kujikusanya juu ya kinoo, zito kama uji. Nikamwona mkono wake wa kushoto unalitafuta kopo la maji. Mwanamke wa duka la samaki, jamani! Akiona uchafu, mkono unamwaga maji wenyewe bila kumuuliza mwenyewe. Damu, magamba, matumbo, yote pwaa, ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

"Acha kopo!"

"Ni uchafu, Masue, angalia!"

"Acha, nakwambia!"

Akaacha. Tope likawa zito zaidi, na sauti ikabadilika, ikawa nene na laini. Chumbani, kimya. Tukatazamana.

"Sasa mwaga," nikamwambia.

Pwaa! Ko, ko!

Hisano akakaa kitako juu ya ndoo iliyofunikwa. Tope lile alilokuwa akiliosha ndilo linalonoa. Kinoo kinajisaga taratibu, na unga wake ndio unaokula chuma. Kila siku alikuwa akiimwaga kazi yake mtaroni, na kila siku mzee alikuwa akimwambia kwa lugha pekee aliyofundishiwa yeye.

"Mshenzi huyu!" akasema, machozi yanamtoka. "Alikuwa ananifundisha! Mshenzi mkubwa!"

Jioni hiyo aliongeza maji kwa ncha za vidole, matone tu. Figili ikaanguka kipande kimoja kimoja, kimelowa, kinang'aa. Alikuja nacho kwangu mikononi kama anabeba yai.

Tangu siku hiyo hakumjibu tena mzee kwa matusi. Fimbo ikigonga, anasimama, anajiuliza. Nimeinua mkono? Nimeanza kukandamiza? Kinoo kimebonyea katikati? Anarekebisha, anaendelea. Wakawa wanazungumza hivyo kutwa, mke uani, mume ukutani kwangu, na mimi katikati kama mkwe aliyekosa pa kukaa. Lakini kila siku, hata kama ilikwenda vizuri kiasi gani, mwisho wake ilikuwa ko, ko. Mara ni makali ya kwenye ncha, mara ni kinoo cha kumalizia. Kulikuwa na kosa siku zote. Na mawingu upande wa bahari yalizidi kuwa meusi.

Radi ikapiga asubuhi, nimebeba trei ya tofu. Mlio mmoja mkubwa, madirisha yakatetemeka, halafu mvua ya mawe ikaanza kuruka barabarani. Mtaani watu walishangilia na wanaume wakakimbilia bandarini. Mimi nilitazama ua wa Hisano tu.

Mchana Jinpachi akaja na kagari kake, kitambaa cha kufungia visu kimekunjwa chini ya kwapa. Si mtu mbaya. Alivua kofia.

"Shemeji, radi imenileta. Mimi mwenyewe sikupenda."

"Ngoja hapo," Hisano akamwambia.

Alichuchumaa chini ya ukingo wa paa, mawe ya barafu yakimdunda kando ya magoti, akaanza. Mimi niliacha soya ziungue. Nikabandika sikio ukutani. Shaa, shaa, shaa. Kinoo cha kati. Kimya. Akahamia cha kumalizia, sauti ikawa nyembamba kama mtu anayepumua. Kimya. Akageuza kisu, akafuta yale makali yaliyojikunja upande wa bapa. Hapo mzee alikuwa hakosi kugonga. Kimya.

Kinoo kikasimama.

"Masue!" Hisano akaita. "Amegonga?"

"Sijasikia kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikasikia kisu kimewekwa chini, na miguu inakimbia. Mlango ukasukumwa kwa nguvu mpaka ukatoka kwenye reli yake. Nami nikatoka kwangu mbio nikamfuata.

Tomekichi alikuwa ameegemea ukuta wangu, mzima kabisa. Fimbo alikuwa ameitupa mbali, kule mwisho wa mkeka ambako hawezi kuifikia. Mkono wa kushoto umeshika vijiti vya kulia chakula.

"Mbona hugongi?" Hisano akalia, mikono yote tope. "Nimedhani umekufa!"

"Nigonge nini?" mzee akasema. "Buri yuko wapi?"

Halafu akapaza sauti yake ile mbovu kuelekea dukani: "Jinpachi! Kitambaa hicho fungia samaki. Na ununue, kama watu wengine!"

Pazia lilitundikwa mchana huo, mawe ya barafu yakiligonga. Buri wa kwanza alikatwa na Hisano, na mumewe akasema vipande vimekuwa vinene. "Nimesifu kisu," alisema, "mkono sijausifu."

Tomekichi alikufa mwaka mwingine, baridi ikikaribia. Pazia likashushwa, na safari hii Hisano hakusema kitu kwa mtu. Nilimpelekea tofu, nikaikuta kesho yake palepale mlangoni. Kisha radi ikapiga. Jioni nikasikia kinoo uani: shaa, shaa, shaa. Nikafurahi, nikasogea ukutani. Halafu, pwaa! Maji kopo zima.

Upande wa pili hakukuwa na mtu wa kugonga. Nilisimama nikisikiliza kimya kile, na kinoo nacho kimesimama, na nikajua kwamba yeye pia anasikiliza. Sikuweza kuvumilia. Nikashika upawa wangu wa tofu, nikagonga ukuta: ko, ko!

Kimya kikaendelea. Halafu sauti ya Hisano ikatoka uani, imekauka, ina hasira na machozi:

"Nimesikia!"

Na kinoo kikaendelea. Asubuhi pazia lilikuwa limetundikwa.